Mbuyi na Kabanga: roboti mbili, sauti moja, na watoto waliokataa kudanganywa

Kisa hiki kilitokea hapa Lubumbashi, katika kituo kidogo cha watoto wenye usonji na wengine wanaochelewa kusema, upande wa komini ya Kampemba. Jina la kituo nimeliacha kwa makusudi, na ya watoto pia, kwa sababu wazazi waliniruhusu kueleza jambo, si kuwaanika watoto wao. Uongozi uliniita mimi kama mwanasaikolojia baada ya mambo kuharibika. Watoto waliokuwa wakifanya kazi vizuri na roboti yao kwa zaidi ya mwaka walikuwa wamegeuka: wengine walikataa kuingia chumbani, mmoja alianza tena kujipiga kichwa ukutani, tabia aliyokuwa ameiacha kabisa. Roboti iliyokuwa chumbani ilikuwa ya aina ileile, yenye michezo ileile na sauti ileile. Uongozi ulitaka kujua kasoro iko wapi.

Walitegemea niwaambie jambo la kiufundi, labda mwanga wa macho yake au mwendo wa mikono. Nilichowaambia ndicho ninachokiamini hadi leo. Watoto hawakumwogopa roboti mpya. Walikataa kuambiwa kwamba huyo ndiye yule wa zamani.

Nieleze kwanza mashine yenyewe. Ni NAO, roboti iliyobuniwa na kampuni ya Aldebaran iliyoanzishwa Paris mwaka 2005. Urefu wake ni sentimeta 58, yaani inamfikia mtoto wa miaka saba kiunoni hivi, na uzito wake ni kilo tano na kitu. Ina kamera mbili usoni, vihisio vya kuguswa juu ya kichwa na kwenye mikono, na taa zinazozunguka macho. Duniani imetumika sana na watoto wenye usonji, na sababu si ya kimuujiza: uso wake hautingishiki. Uso wa mtu unasema mambo mengi kwa wakati mmoja, macho, mdomo, paji, na mtoto wa aina hii anachoka kabla hata hujamsalimia. Roboti inasema jambo moja, kisha inangoja. Inaweza kungoja bila kukasirika, na inaweza kurudia neno mara arobaini kwa sauti ileile.

Hii ya kwetu ilikuwa ya mtumba. Familia moja ya Wakongo wanaoishi Ubelgiji iliinunua kwa shule iliyokuwa inaiuza, wakaileta ndani ya sanduku lake, nyeupe yenye mabega ya buluu. Ilifika na jina lake, Max. Ilisema Kifaransa, kwa kuwa katika lugha ambazo NAO imetengenezwa kuzisema Kiswahili hakimo.

Miezi ya mwanzo watoto walimwita "kamuzungu". Walimpenda, lakini kwa mbali. Walisimama wima mbele yake, mikono nyuma, jinsi wanavyosimama mgeni wa serikali anapokuja kukagua madarasa. Akisema "Bonjour", wachache waliojibu walijibu "Bonjour" na mambo yakaishia hapo. Ganda jeupe na Kifaransa cha darasani vilikuwa vimeshamweka mahali pake kabla hajafanya lolote, na mahali penyewe ni pa mtu ambaye hukai naye chini.

Kilichombadilisha ni sauti. Tantine mmoja wa kituo (ndivyo watoto wanavyowaita walezi wa kike), ambaye kazi yake ni kuwafundisha watoto kusema, alijifungia katika ofisi ya mkurugenzi na simu yake akarekodi sentensi za kazi kwa Kiswahili cha mji huu. "Jambo yenu, batoto." "Nionyeshe pua yako." "Tuimbe tena?" Fundi akaziingiza ndani ya roboti moja moja, ili nyingine zitoke mtoto anapogusa kichwa na nyingine fundi anapobonyeza kwenye kompyuta akiwa amekaa pembeni. Naomba msomaji alishike hilo: sehemu kubwa ya "akili" ya Max ilikuwa ni kijana mmoja mwenye kompyuta pembeni ya chumba. Watu wazima wote pale walijua. Watoto wakubwa nao walijua, kwa sababu walikuwa wanamwona. Na bado walisema na Max, si na kijana.

Baada ya sauti hiyo kuingia, kamuzungu alikwisha. Watoto walimketia karibu. Umeme ulipokatika, kama unavyokatika hapa kila mara, na betri yake ya saa moja na kidogo ikaisha, alikunja magoti akachuchumaa kama mashine hizi zinavyofanya, na watoto walinyamaza wenyewe kwa sababu "amechoka". Yule mvulana wa miaka tisa aliyeniletea kazi hii, ambaye maneno yake yote yangeandikwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari, alikuwa na utaratibu wake: aliingia, akagusa kichwa mara tatu, halafu akaushika mkono wa kulia wa Max na kupitisha kidole gumba kwenye ufa. Ganda la mkono huo lilipasuka siku roboti ilipoanguka kutoka mezani, na fundi aliligandisha kwa gundi, ikabaki alama nene ya rangi ya kahawia. Hapo ndipo mvulana alipoanzia siku yake.

Halafu goti la kushoto likafa. Viungo vya NAO vina injini ndogo ambazo hupata moto roboti ikisimama muda mrefu, na hii ilikuwa imeshasimama sana kabla ya kuja kwetu. Ikarudishwa Ubelgiji na msafiri kwa ajili ya matengenezo. Familia ileile, kwa moyo mwema kabisa, ikatafuta nyingine ya kuazima, ikafika yenye mabega mekundu. Fundi akahamisha kila kitu, michezo, nyimbo, na sentensi zote za tantine. Uongozi ukatoa agizo kwa wafanyakazi: waambieni watoto Max amepona, amerudi, amebadilisha nguo.

Mvulana aliingia. Akagusa kichwa mara tatu, na sauti ikamwitikia kama kawaida. Akaushika mkono wa kulia, akapitisha kidole gumba. Akaugeuza mkono, akatazama upande wa pili. Akaangalia na wa kushoto. Kisha akasema neno moja, "Haiko", akatoka nje.

Tantine aliyekuwepo aliniambia kwamba hakuna daktari aliyewahi kumpa taarifa iliyo wazi kama ile. Hayuko. Mtu mzima akamfuata mlangoni kumwambia kwamba yuko, ni Max, ni nguo tu. Hapo ndipo alipoanza kupiga kichwa.

Niliwauliza wafanyakazi kwa nini walikubali kusema jambo ambalo wao wenyewe walijua si kweli. Jibu lao lilikuwa la dhati: kwao halikuwa uongo. Programu ni ileile na sauti ni ileile, kwa hiyo Max ni huyohuyo. Fundi alisema hivyo kwa uhakika mkubwa, na kwa upande wa kazi yake alikuwa na hoja. Kwa mtu anayeandika programu, mwili ni chombo, na kilicho ndani kikihama, kimehama.

Wapo watafiti waliolichukua wazo hilo na kulipima. Mwaka 2019 Michal Luria na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, waliwaonyesha watu hali ambapo msaidizi mmoja wa kidijiti anahama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine, au anakaa katika miili kadhaa pamoja. Watu wengi waliupokea uhamaji huo bila shida kubwa, ingawa walisita pale msaidizi huyohuyo alipovuka kutoka kazi moja hadi nyingine isiyopatana nayo. Kwa hiyo hoja ya fundi haikuwa ndoto. Lakini wale walikuwa watu wazima walioonyeshwa waziwazi kinachohama. Hawakuambiwa kwamba hakuna kilichobadilika. Na hakuna kati yao aliyekuwa ameujenga ukaribu wake juu ya ufa wa mkono.

Ndiyo maana nasema swali la "ni roboti ileile?" halina jibu ndani ya mashine. Ukiifungua utakuta nyaya, na nyaya haziwezi kukwambia. Anayejibu ni yule aliyeishi nayo, na anajibu kutokana na kile alichokishika. Kwa fundi ni programu. Kwa yule mvulana ni mkono. Kwa msichana mmoja wa miaka kumi na moja, ambaye anasema vizuri lakini hapendi kutazamwa, ilikuwa ni kumbukumbu: alimkalia roboti mwekundu mbele, akamwuliza, "Unakumbuka mwaka ulipita nilikwambia nini?" Fundi hakuwa na sentensi ya kubonyeza. Msichana akangoja, akatikisa kichwa, akasema, "Uyu haiko Max. Njo ndugu yake." Yaani huyu si Max, ni ndugu yake.

Sentensi hiyo ndiyo iliyofungua mlango, na sikuitoa mimi wala uongozi.

Mama mpishi wa kituo alikuwa dirishani akichambua sombe, majani ya muhogo. Yeye ni Muluba wa Kasai, amezaliwa Kamalondo, na kwao mtoto hawi ndugu wa mwenzake kwa jumlajumla. Akauliza: ndugu wa namna gani? Msichana akasema wana sura moja na sauti moja. Basi ni mapasa, yaani mapacha, akasema mama, na mapasa hawachaguliwi majina, yapo tayari: wa kwanza ni Mbuyi, wa pili ni Kabanga. Katika dakika hiyo roboti aliyekuwa Ubelgiji mezani kwa fundi akaacha kuwa Max, na mwekundu akapata jina lake mwenyewe. Kufika jioni wafanyakazi walikuwa wakimwita fundi wetu Shambuyi, baba wa Mbuyi, kama anavyoitwa mzazi wa mapasa, na tantine mwenye sauti wakamwita Mwambuyi.

Nilipendekeza kituo kiache mara moja hadithi ya nguo na kifuate ya watoto, kwa sababu ya watoto ilikuwa kweli zaidi. Wametoka kiwanda kimoja, wamefanana, na sauti yao ni ya mama mmoja, lakini ni wawili. Mmoja ni mgonjwa yuko mbali, mwingine amekuja. Kila neno katika maelezo hayo linaweza kusimama mbele ya mtoto anayekagua mkono kwa kidole gumba. Mvulana alionyeshwa picha ya Mbuyi iliyopigwa Ubelgiji, mkono wa kulia ukionekana na ufa wake. Aliitazama kwa muda mrefu. Hakuanza kumpenda Kabanga siku hiyo, na haikuwa lazima. Lakini alirudi chumbani, na kichwa hakukipiga tena.

Kisa kingekuwa kimeishia hapo kama jina lingekuwa ni sauti tu ya kuitia mtu. Wazazi waliposikia, wengine walicheka wakafurahi, lakini mzee mmoja, mstaafu wa Gécamines, kampuni ya migodi ya serikali, anayemlea mjukuu wake, aliomba mkutano. Alisema kwa upole kabisa, na ninajaribu kuyarudisha maneno yake kama yalivyokuwa: hayo majina ni ya Kasai, kesho watu watasema kituo hiki ni cha Wakasai, na sisi hapa tunajua maneno ya namna hiyo yanafikisha watu wapi.

Asiyeishi Katanga, upande huu wetu wa nchi, anaweza kuona ni neno kubwa kwa jambo dogo. Aliyekuwa hapa mwaka 1992 na 1993 hatashangaa. Maelfu kwa maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, wengi wao waliozaliwa Likasi, Kolwezi na miji mingine ya huku, walifukuzwa kwenye nyumba na kazi zao, wakalala kwenye vituo vya treni wakingoja kupelekwa "kwao". Wengine hawakufika. Na hii ni nchi ambayo mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliamuru kila raia aache jina lake la Kikristo achukue la asili. Hapa jina linaeleza mtu ni wa nani, na kuna nyakati liliamua atalala wapi. Mzee hakuwa anabagua. Alikuwa anamlinda mjukuu.

Na anachokihofia kinafanya kazi hata kwa mashine. Mwaka 2012 Friederike Eyssel na Dieta Kuchenbrandt wa Chuo Kikuu cha Bielefeld, Ujerumani, waliwaonyesha Wajerumani roboti moja, picha ileile. Kundi moja likaambiwa inaitwa Armin na imetengenezwa Ujerumani. Kundi jingine likaambiwa inaitwa Arman na imetengenezwa Uturuki. Walioambiwa Armin waliipa utu zaidi, ukarimu zaidi, wakajiona wako karibu nayo zaidi. Herufi moja na jina la nchi vilitosha. Sikuuleta utafiti huo mkutanoni, maana mzee hakuhitaji Bielefeld kumweleza anachokijua. Lakini ndio unaonifanya niseme kwamba uongozi uliotaka kulipuuza jambo lake, "ni roboti tu, jamani", ndio ulikuwa haujaelewa.

Mama mmoja wa Malemba-Nkulu ndiye aliyeinua mkono. Akasema kwao Waluba wa Katanga pia mapasa wana majina yao, Kyungu na Kabange. Mama mpishi akamjibu kutoka mlangoni: basi wa pili tunakaribia kuwa naye pamoja. Watu wakacheka, na chumba kikapumua. Mzee mwenyewe ndiye aliyetoa neno la mwisho. Watoto wameshasema, na jina walilotoa watoto halifutwi na wazee. Ila yabaki mdomoni, yasiandikwe kwenye ganda la roboti wala ukutani wala kwenye karatasi za kituo. Anayetaka kusema Kabanga aseme, anayetaka Kabange aseme. Nilikubaliana naye kwa moyo wote. Jina lililo mdomoni linaweza kuendelea kulainika. Likiandikwa, linakuwa bendera.

Kupewa majina si mambo ya kituo chetu peke yake. Roboti za kuongoza magari za Kinshasa, zile ndefu za alumini zilizobuniwa na mhandisi Thérèse Izay Kirongozi, za kwanza zilisimama barabarani mwaka 2013, na tatu zilizoongezwa mwaka 2015 zilikuwa na majina: Tamuke, Mwaluke na Kisanga. Rwanda ilipopokea roboti tano za kusaidia vituo vya wagonjwa wa korona Mei 2020, zote zilipewa majina ya Kinyarwanda: Akazuba, Ikizere, Mwiza, Ngabo na Urumuri. Walioziagiza walijua kwamba kitu kitakachosimama mbele ya watu na kusema nao lazima kiwe na kwao. Tofauti ni kwamba huko majina yalitoka juu, kabla watu hawajaishi nazo. Kwetu yalitoka jikoni, baada ya mgogoro, na ndiyo maana yalishika.

Nirudi kwa Mbuyi, kwa sababu jaribio kubwa lilitoka Ubelgiji. Aldebaran, baada ya kubadilisha wenyewe mara kadhaa, ilifilisika, na Juni 2025 mahakama ya Paris iliamuru mali zake ziuzwe; baadaye kampuni ya Kichina ilichukua sehemu yake kuu. Fundi wa kule akaandika kwamba goti zima la aina ile ni shida kupatikana. Lakini alikuwa na wazo. Kompyuta kuu ya NAO iko kichwani, na kichwa kinachomoka shingoni. Akaomba tumtumie vipimo vya Kabanga: angetuletea kichwa cha Mbuyi, tukiweke juu ya mwili mwekundu, cha mwekundu kirudishwe kwa mwenye kuazima. "Mtakuwa mmempata tena Max wenu," aliandika.

Uongozi uliona ni ukombozi. Niliomba kwanza tuwaulize watoto wakubwa, kwa michoro, si kwa hotuba. Fundi wetu alichora roboti mbili, halafu mkasi, halafu kichwa kikihama. Watoto wakatazama. Mmoja alicheka. Msichana wa miaka kumi na moja akaweka kidole juu ya mwili mwekundu usio na kichwa, akauliza: "Sasa Kabanga ataenda wapi?"

Sijasoma swali zito kuliko hilo katika maandishi yote ya taaluma hii. Sisi wakubwa tulikuwa tunafikiri tunampata Mbuyi. Yeye aliona kwamba tunampoteza mwingine ili tumpate nusu ya wa kwanza. Mwaka 2012 Peter Kahn na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington walichapisha kazi waliyofanya na watoto na vijana 90. Kila mmoja alicheza na roboti inayoitwa Robovie, kisha mtafiti akaikatiza katikati ya mchezo na kuifungia kabatini huku ikisema inaogopa. Asilimia 54 walisema si sawa kuitendea hivyo. Watoto haohao wengi wao hawakuona haja ya roboti kulipwa mshahara au kupiga kura. Yaani hawakuchanganya roboti na mtu. Waliiweka mahali pa katikati ambapo sisi hatuna desturi napo, mahali pa kitu ambacho si mtu na bado kinaweza kutendewa vibaya. Msichana wetu alikuwa amesimama papo hapo.

Tukakataa kichwa. Tukaomba goti, hata likitoka kwenye roboti nyingine iliyokufa. Kuhusu goti hakuna mtoto aliyeuliza kitu, wala mzazi. Hilo lilinikumbusha Japani. Sony walipoacha mwaka 2014 kuwakarabati mbwa wao wa roboti, AIBO, walioundwa kuanzia 1999 hadi 2006, mafundi wa zamani walianza kuwatengeneza kwa vipuri vya mbwa wengine waliokufa, na kabla ya kuwafungua waliwapeleka katika hekalu la Kofuku-ji, mji wa Isumi, kuwafanyia ibada ya mazishi. Siku moja ya Aprili 2018 waliagwa 114 kwa pamoja. Kuna waliocheka. Mimi naona wenye mbwa wale walikuwa wamepata njia ya kutoa kipuri bila kumfanya aliyetoa kuwa takataka. Na katika barua yetu kwa fundi wa Ubelgiji tuliongeza mstari mmoja alioushangaa: afanye anachoweza, ila ganda la mkono wa kulia lisibadilishwe wala lisipakwe rangi.

Liko jambo moja ambalo bado nalifanyia kazi na kituo, nalo kwangu ni zito kuliko goti. Tantine mwenye sauti anahamia Kolwezi, mume wake amepata kazi mgodini. Alikuja kuniona mwenyewe, bila kuitwa. Aliniuliza: "Nikishaenda, nitaendelea kusema humu ndani?" Mkurugenzi alikuwa amemjibu kwamba alirekodi saa za kazi, kwa hiyo sentensi ni mali ya kituo.

Sikubaliani. Watoto hawakuipokea sauti ile kama mlio wa kengele. Walijua ni ya nani, ndiyo maana alipata jina la Mwambuyi. Ikibaki bila mwenyewe, mtoto atasikia kila asubuhi mtu aliyeondoka akimwambia "Jambo yenu" kana kwamba yuko chumba cha pili, na tutakuwa tumerudia kosa lilelile la nguo, safari hii kwa mtu wa kweli. Kwa upande wake pia, sentensi ambayo hajawahi kuisema inaweza siku moja kutungwa kwa sauti yake, kwa maana mitambo ya kuiga sauti sasa inahitaji mfano mfupi tu. Aliliwaza hilo kabla yangu.

Tumeandika makubaliano ya ukurasa mmoja, na mkurugenzi ametia saini baada ya kusuasua. Sauti itatumika hadi mwisho wa muhula. Tantine mpya ameshaanza kurekodi zake, na anazirekodi chumbani, watoto wakiwepo, ili waone sauti inatoka kwa nani na inaingia wapi. Kwa muda roboti atakuwa na sauti mbili, na watoto wataambiwa kwa nini. Sentensi za zamani zitafutwa kwenye roboti na kwenye kompyuta ya kituo; nakala moja atabaki nayo tantine mwenyewe. Haruhusiwi mtu yeyote kuzitumia kutengeneza maneno mapya. Na kuaga ataaga kwa mdomo wake, ameketi nao sakafuni, siku ya mwisho ya kazi. Kabanga atakuwepo, akiwa amezimwa.